Moto Huzaa Jivu: Tafakuri ya Mwanafunzi wa Fasihi Kuhusu Nyuklia

Wahenga walisema kwamba moto huzaa jivu. Sisi tuliolelewa katika madarasa ya fasihi tumezoea kuifasiri methali hii kwa njia moja tu, yaani mzazi shujaa aweza kumzaa mwana asiyefaa kitu. Hiyo ndiyo maana ya ndani, na ndiyo iliyotupatia alama katika mitihani. Maana ya nje, ile ya jikoni, aghalabu huipita mbio kana kwamba haina la kutufunza. Katika makala haya nakusudia kurudi kwenye maana hiyo ya nje. Kila moto una masalio yake, na anayekuletea moto hana budi kukueleza jivu lake ni lipi, ni kiasi gani, na litatupwa wapi.

Moto ninaouzungumzia ni ule wa nyuklia, na hususan aina yake moja ambayo wanasayansi wanaisaka kwa miali ya leza: muungano wa viini vya atomu usiotoa nyutroni. Najua msomaji atauliza, je, mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili ana hisa gani katika jambo hilo? Swali ni la haki, na jibu lake liko nyumbani kwetu.

Mimi ni mzaliwa wa Kakuyuni, upande wa bara wa mji wa Malindi, kando ya barabara iendayo lango la Sala la Mbuga ya Tsavo Mashariki. Kwetu ni nchi ya mahindi, mihogo, mikorosho na minazi, na watu wake hupima miaka kwa mvua. Katika nchi kama hiyo neno nyuklia halikuwa na kazi. Lakini serikali ya Kenya, kupitia wakala wake wa kawi ya nyuklia, NuPEA, ilikitaja kijiji cha Uyombo, katika wadi ya Matsangoni, kuwa mahali pa kujengwa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, chenye uwezo wa megawati 1,000. Uyombo uko ufuoni, karibu na Watamu, hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 2023 malalamiko ya wakazi yalifika Bungeni, na mwaka 2024 wakaandamana. Mwaka 2025 serikali ilielekeza macho yake Siaya, ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Kwa hiyo swali lililoulizwa Kilifi halikufa. Limehama tu, kutoka baharini hadi ziwani.

Shangazi yangu aliolewa Matsangoni. Mnamo Aprili 2024 alikuja Kakuyuni kumjulia hali mamake, ambaye sisi wajukuu tunamwita hawe, kama Wagiriama wamwitavyo nyanya. Alikuja na swali la shamba. Alikuwa ametenga mahali pa kupanda minazi thelathini, na mnazi wa kienyeji humtaka mtu asubiri miaka sita au zaidi kabla ya kuangua dafu la kwanza. Je, apande au asipande? Alikuwa amehudhuria mkutano mmoja ambamo msemaji wa kwanza alisema nyuklia ni bomu. Wa pili akasema nyuklia ni kama jua, haina moshi wala madhara. Wote wawili walishangiliwa, na wote wawili walitumia neno lile lile. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, nyuklia ni ipi kati ya hizo mbili?"

Kabla sijafungua kinywa, hawe, aliyekuwa akigeuza mihogo kwenye makaa, alidakia. Kwa utani wa kwetu, nyanya humwita mjukuu wake wa kiume mume. Akasema, "Mume wangu, wewe ndiwe msomi. Huo moto wanaouleta, jivu lake watalitupa wapi?"

Nimesoma mengi kuhusu nyuklia tangu siku ile, na sijakutana na swali lililolenga shabaha kuliko hilo. Ama kwa hakika, historia nzima ya sayansi hii yaweza kusimuliwa kama historia ya kutafuta moto wenye jivu jepesi. Nami nitaisimulia hivyo, kwa mioto mitatu.

Moto wa kwanza ni ule uliokusudiwa Uyombo, nao huitwa mwatuko. Nyutroni hugonga kiini cha urani, kiini kikaatuka vipande viwili, na nyutroni nyingine mbili au tatu zikaruka kwenda kuatua viini jirani. Vinu vya aina hii vimekuwa vikitoa umeme tangu miaka ya 1950, navyo havifuki moshi kama mitambo ya makaa ya mawe. Katika hilo msemaji wa pili hakusema uongo. Hata hivyo, jivu lake ni zito. Mabaki ya urani hutoa mionzi hatari, na baadhi ya vitu vilivyomo, mathalani plutoni-239, huchukua miaka ipatayo 24,000 kupungua nusu tu. Nchi ya Finland imelazimika kuchimba ghala liitwalo Onkalo, zaidi ya mita 400 chini ya mwamba, ili kulizika jivu hilo.

Moto wa pili ni wa muungano. Hapa viini vyepesi hugandamizwa hadi vikawa kiini kimoja kizito zaidi, na nishati ikatoka. Hivyo ndivyo jua linavyowaka. Duniani, njia iliyo rahisi kuliko nyingine ni kuunganisha aina mbili za haidrojeni, dyuteriamu na tritiamu. Mnamo tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya National Ignition Facility huko California, Marekani, miali 192 ya leza ilielekezwa kwenye tembe ndogo ya fueli hiyo. Leza zilipeleka nishati ya megajuli 2.05, na muungano ukatoa megajuli 3.15. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muungano kutoa zaidi ya ulichopewa na leza, ingawa leza zenyewe zilikuwa zimevuta megajuli zipatazo 300 kutoka kwenye nyaya za umeme.

Jivu la moto huu ni heliamu, ambayo haina dhara. Tatizo ni nyutroni, ambayo huondoka na takriban sehemu nne kati ya tano za nishati yote. Nyutroni haina chaji ya umeme, kwa hiyo hakuna cha kuisimamisha mlangoni. Ni mgeni asiyebisha hodi. Hupenya kuta za chuma za mtambo, huzidhoofisha, na huzifanya nazo zitoe mionzi. Kwa lugha ya jikoni, moto huu una jivu dogo, lakini huyatia sumu mafiga yenyewe, na mwishowe mafiga ndiyo hugeuka kuwa taka.

Hapo ndipo unapoingia moto wa tatu. Chukua kiini cha haidrojeni, yaani protoni moja, ukitupe kwa kasi kubwa kwenye kiini cha boroni-11. Kwa kitambo kisichoweza kuhisiwa, viwili hivyo huwa kaboni, kitu kile kile tukionacho katika makaa. Lakini kaboni hiyo imejaa nishati kupita kiasi, nayo hupasuka mara moja ikawa viini vitatu vya heliamu, vitatu kama mafiga. Nishati itokayo ni elektronivolti milioni 8.7, ilhali atomu moja ya makaa ikiungua jikoni hutoa elektronivolti zipatazo nne tu. Na katika tendo hilo lenyewe hakuna nyutroni hata moja. Viini vya heliamu vina chaji, kwa hiyo hubisha hodi, na ukurasa wa daftari watosha kuvizuia. Kwa kuwa vina chaji, wanasayansi wanatumaini kwamba siku moja mwendo wao utageuzwa umeme moja kwa moja, bila kuchemsha maji wala kuzungusha rafadha.

Boroni yenyewe si kitu adimu. Imo katika vioo visivyopasuka kwa moto na katika baadhi ya sabuni, na Uturuki ndiyo nchi yenye hazina kubwa kuliko zote duniani. Asilimia 80 hivi ya boroni yote ni ya aina hiyo ya 11. Hata maji ya Bahari ya Hindi yanayoupiga ufuo wa Malindi yana miligramu nne hadi tano katika kila lita.

Ikiwa mambo ni mazuri kiasi hicho, mbona moto huu haujawashwa? Tendo lenyewe halikugunduliwa juzi. Mark Oliphant na Ernest Rutherford walilichunguza huko Cambridge mwaka 1933. Kizuizi ni joto. Kitovu cha jua kina nyuzi milioni 15 hivi. Dyuteriamu na tritiamu hapa duniani huhitaji zaidi ya milioni 100. Protoni na boroni huhitaji zaidi ya bilioni moja. Katika joto hilo plazima hupoteza nishati kwa njia ya eksirei karibu sawa na inavyoizalisha, mfano wa mtu anayeteka maji kwa mtungi uliotoboka.

Leza zilileta wazo tofauti: badala ya kulipasha plazima lote joto, kwa nini protoni zisirushwe kama mishale? Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou walivumbua mbinu ya kulinyoosha pigo la mwanga, kulikuza, kisha kulibana tena, hadi nguvu nyingi ikakusanyika katika muda wa sehemu ya trilioni ya sekunde. Kwa mbinu hiyo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Pigo la namna hiyo likitua juu ya karatasi nyembamba ya metali hutimua elektroni, na elektroni huzivuta protoni nyuma yake kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Mwaka 2005 kundi la Belyaev nchini Urusi lilichapisha matokeo ya kwanza ya muungano usio na nyutroni uliochochewa na leza. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walitumia leza mbili, moja ya kuigeuza boroni kuwa plazima na nyingine ya kuzirusha protoni, wakapata mazao zaidi. Baadaye majaribio ya Prague, katika Jamhuri ya Cheki, yakafikisha mabilioni ya viini vya heliamu kwa pigo moja. Mwaka 2023 ikatangazwa kutoka Japani kwamba tendo hilo limepimwa pia ndani ya plazima iliyozuiliwa kwa sumaku.

Ni lazima nitaje na upande wa pili. Hadi leo hakuna jaribio lolote la protoni na boroni lililorudisha nishati sawa na ile iliyotiwa. Pengo lililobaki ni kubwa sana. Isitoshe, maneno "bila nyutroni" yapokelewe kwa uangalifu, kwani baadhi ya viini vya heliamu vikigonga boroni nyingine huweza kutoa nyutroni chache. Jivu la moto huu ni dogo mno likilinganishwa na la ile mingine, lakini lipo. Methali haijashindwa.

Nilipomaliza kuyaeleza haya kule Kakuyuni, kwa vijiti na mafiga na vipande vya mihogo, hawe alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo huo wa tatu haujawaka?"

Nikajibu, "Bado, hawe."

"Na ule wa pale Uyombo ni wa kwanza?"

"Naam, ni wa kwanza."

"Basi asiusifu mtu ule wa kwanza kwa sifa za wa tatu."

Naomba msomaji aisome sentensi hiyo tena. Bibi kizee ambaye hakuwahi kukanyaga darasa alikuwa amekifichua kiini cha mgogoro mzima. Msemaji aliyesema nyuklia ni kama jua alikuwa akiusifu muungano, ilhali kilichopangwa kujengwa ni kinu cha mwatuko. Msemaji aliyesema nyuklia ni bomu alikuwa akitaja mwatuko usiozuiliwa, ilhali kinu hakilipuki kama bomu la nyuklia. Hatari zake ni nyingine, na zinastahili kutajwa kwa majina yake. Kila mmoja alipata kimbilio ndani ya neno moja pana, na shangazi yangu, mwenye shamba, akabaki katikati bila kujua apande au asipande. Hakukosa akili wala hakukosa swali. Alichokosa ni maneno mawili.

Maneno hayo yapo. Watunzi wa istilahi wametupa mwatuko, kutokana na kitenzi kuatua, yaani kupasua au kutia ufa. Neno hilo ni zuri, kwa sababu mkulima aliyeona ardhi ikiatuka kwa kiangazi analielewa papo hapo. Wametupa pia myeyungano, kwa kuhulutisha yeyuka na ungana, jinsi chakula cha jioni kilivyozaa chajio. Hili ni la kisomi zaidi, na ndiyo maana katika makala haya nimelitumia muungano, ambalo hawe hakunitaka nilifafanue. Wapo watakaopinga kwamba muungano limekwisha kutwaliwa na siasa. Wapo pia watakaouliza tuliiteje tendo la protoni na boroni, ambalo huanza kwa kuungana na kuishia kwa kuatuka. Mijadala hiyo ni ya manufaa, na ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Lakini isitusahaulishe jambo moja: istilahi haiishi kwa kuchapishwa, huishi kwa kutamkwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Ni baraza ngapi za vijiji zilizowahi kusikia maneno yake?

Kuna wanaosema kwamba Kiswahili na fizikia ni maji na mafuta. Hao na waje kwetu. Kaskazini ya Malindi, baharini mkabala wa Ngomeni, kuna majukwaa ya San Marco ambako Waitalia walikuwa wakirushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka hapo. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Orodha ya vyanzo vya eksirei iliyotokana nayo hutumiwa na wanafalaki hadi leo. Kimojawapo kinaitwa 4U 1820-30, ambapo heliamu huungana kwa milipuko juu ya nyota ya nyutroni. Hiyo herufi U ni Uhuru. Kila mwanafalaki anayeandika jina hilo, awe Tokyo au Chicago, anaandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili. Ikiwa neno letu lilipata nafasi kati ya nyota, haliwezi kukosa nafasi katika mkutano wa Matsangoni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika usimamizi na ulinzi wa mazingira. Tukiviweka vifungu hivi pamoja, hitimisho ni wazi: ushiriki bila lugha ni kuhudhuria tu. Anayeketi mkutanoni akasikia neno moja likitumika kwa mambo matatu hajashirikishwa, hata akipewa kiti cha mbele na chupa ya maji.

Shangazi alipanda minazi yake mvua za Mei zilipoanza. Hakufanya hivyo kwa sababu nilimhakikishia lolote, kwani sikuwa na la kumhakikishia. Alisema kwamba sasa anajua la kuuliza katika mkutano ujao, na kwamba mwenye la kuuliza hahami shambani kwa uvumi. Leo wanaoketi mikutanoni ni watu wa Siaya, nao wana mashamba, wana shangazi, na wana methali zao.

Wenzangu wanafunzi wa Kiswahili, na walimu wetu watukufu, sikuandika makala haya ili kuunga mkono kinu wala kukipinga. Uamuzi huo ni wa wananchi. Nimeandika kwa sababu tumejikita mno katika kuuchambua moto wa wahusika riwayani, tukawaachia wengine moto utakaowaka karibu na makaburi ya babu zetu. Kazi iliyo mbele yetu haihitaji maabara. Yahitaji tuandike vijitabu vyepesi, tuende kwenye redio za mashinani, tukae katika mabaraza, na tuyaseme maneno mwatuko, muungano, nyutroni na mionzi mpaka yazoeleke kama mbolea na chanjo. Huenda katika maisha yetu leza zikafaulu kuuwasha ule moto wa tatu, na huenda zisifaulu. Kwa vyovyote vile wataalamu watakuja vijijini na ramani zao. Siku hiyo kila aliyeketi barazani na aweze kuuliza, kwa lugha yake na kwa neno lililo sahihi, jivu litatupwa wapi. Na anayeulizwa asipate neno pana la kujificha ndani yake.